Hasira ya Wakil Sahib

Clarisse, siku ile ya kuniaga kazini ulinishika mkono keki bado iko mdomoni, ukaniambia, "Papa Rajabu, usiondoke na kichwa yako yote. Utuandikie. Sisi tutabakia na nani?" Nikacheka, nikakuonyesha saa ya ukutani niliyopewa zawadi. Mtu akipewa saa, maana yake ameambiwa muda wake umekwisha. Tangu hapo naamka huku mtaani Point sina pa kwenda, naiangalia ile saa nayo inaniangalia. Basi nimeamua kuandika. Mambo ya gundi na visu utayapata humu, wewe na wenzako mtakaokuja. Ila nakwambia mapema, kuna jambo moja ndilo hasa linaloniandikisha, na nitalifikia.

Ufundi wa kujalidi vitabu nilijifunza Tanga, katika kiwanda kidogo cha uchapaji, tukishona madaftari ya shule na misahafu iliyochakaa. Nilipofika Durban nilifagia saluni Albert Park mwaka mzima, nywele za watu zinanifuata mpaka kitandani. Kisha mtu mmoja msikitini akanidokeza kwamba kuna nyumba Morningside imegeuzwa maktaba, wanahifadhi karatasi za zamani za familia za Kihindi, na wanatafuta mtu asiyeogopa vumbi. Nikasema vumbi ndilo lililonilea. Kesho yake asubuhi nikapanda taxi.

Aliyenipokea ni Uncle Siva, Mtamil mwembamba, mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi wa kushonea vitabu. Hapa kila mzee wa Kihindi ni Uncle, ukimwita Bwana anaangalia nyuma kumtafuta huyo Bwana. Alinipa karatasi iliyochanika vipande viwili, akasema, "Kaa nayo." Nikakaa. Nikangoja aniambie la kufanya. Ilipofika saa saba nikashindwa.

"Uncle, niibandike?"

"Nimesema ubandike?"

Akaenda kula. Aliporudi akaniuliza ilikunjwa mara ngapi, upande upi umepigwa na jua, maji yaliingilia wapi. Sikujua hata moja. "Kesho kaa nayo tena," akasema. Siku ya tatu ndipo aliponipa brashi. Wakati ule nilimwona mzee mkorofi. Siku hizi nikiona kijana anakimbilia gundi kabla hajaigeuza karatasi, mkono unaniwasha.

Wanga wake ulikuwa wa ngano, unapikwa polepole, unachujwa kwenye kitambaa mara tatu mpaka unakuwa laini wa kumpaka mtoto usoni. Gundi ya dukani ilikuwa haramu kwake. Alisema chochote tunachobandika, anayekuja baada yetu lazima aweze kukibandua kwa maji, kwa sababu huenda tumekosea. Na alikuwa na sharti jingine, akilirudia mpaka linachosha. "Rajabu, sisi tunatengeneza karatasi. Yaliyoandikwa yana wenyewe."

Hili la pili ndilo nililolivunja.

Ilikuwa hivi. Kila jalada letu lina kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli, kinachosema ndani kuna nini. Uncle Siva aliandika maneno matatu tu: barua, Kiurdu, kurasa nne. Basi. Lakini mimi nilisoma madrasa, na Kiurdu kinaandikwa kwa herufi zile zile za Kiarabu na chache za kuongezea. Nikaanza kuzisoma moja moja, na lo, maneno yakawa yananisalimia! Kitab ni kitabu. Dunya ni dunia. Sarkar ni serikali. Dukan, rang, chai, bandar, waqt, maut. Nikawa kama mtu aliyeingia ukumbi wa harusi ya watu na kukuta nusu ya wageni ni jamaa zake. Pale kazini sote tulikuwa watu watano na hakuna mwingine aliyejua hata alifu, kwa hiyo wakaanza kuniita Maulana, yaani shehe, kwa utani. Utani wenyewe nikaupenda. Kwenye vijikaratasi nikaanza kuongeza: "Barua, Kiurdu, inahusu serikali na safari." Uncle Siva alikuwa ameshastaafu, macho yamemchoka, na hakuna aliyebaki wa kunikemea.

Hapo ndipo alipokuja Apa Hamida.

Apa ni dada mkubwa kwa Kiurdu, na mji mzima ulimwita hivyo. Alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, mgongo umenyooka, macho yameondoka na sukari. Alikaa ghorofa moja kwenye teremko la barabara ya maktaba, mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Mwanawe Rashid, mtu mzima mwenye mvi, ndiye aliyemshika mkono, na nyuma yao mtu wa teksi amebeba sanduku la bati. Sanduku lilitoka India, kwa jamaa waliokuwa wakibomoa nyumba ya babu yao. Ndani mlikuwa na karatasi za baba yake, na mchwa walikuwa wameshakula sehemu yao.

"Kwetu hawakumtaja kwa jina," aliniambia kwa Kiingereza chake cha polepole. "Mji wote ulimwita Wakil Sahib."

"Hata kwetu, Apa, wakili ni wakili."

Akageuza uso upande nilipo, akacheka. "Kumbe wewe ni mtu wa nyumbani!"

Neno lile lilinilevya, sitaki kuficha. Lilinilevya kuliko hilo la Maulana.

Miezi minne nilikaa na Wakil Sahib, yaani Bwana Wakili, mezani. Mengine niliyapata kwenye karatasi za Kiingereza, mengine Apa mwenyewe alinisimulia, kwa kuwa alikuja kila Alhamisi kunusa sanduku, ndivyo alivyosema. Baba yake alikuwa mtoto wa karani, akasomea sheria, akarudi mji wake mdogo kuwatetea wafumaji nguo waliokuwa wakinyang'anywa mitambo yao. Wafumaji wale ndio waliomwingiza kwenye siasa. Waislamu wa mji wakampeleka baraza la jimbo, na huko akasimama mbele ya gavana wa Kiingereza akasema mambo ambayo hayasemwi mbele ya gavana. Nilimkuta kwenye rasimu ya barua akikataa mwaliko wa chai ya serikali. Ameiandika mara tano, kila moja fupi kuliko iliyotangulia, ya mwisho ina maneno mawili. Nilimpenda hapo hapo.

Walimfunga mara mbili kwa ajili ya hotuba. Barua zake za gerezani zina muhuri wa msimamizi, na pale msimamizi aliposhuku pamepakwa wino mweusi. Uncle Siva alinifundisha wino ule hausafishwi, ni sehemu ya karatasi. Alipotoka mara ya pili, nchi ilikuwa inaelekea kugawanywa, naye akazunguka akisema isigawanywe. Wahindu hawakumwamini kwa sababu ni Mwislamu, Waislamu wenzake wakamwita msaliti. Kura zikampotea. Walimrushia mawe kwenye mji aliozaliwa, na Apa aliambiwa na jamaa zake kwamba baadhi ya waliorusha ni watoto wa wafumaji wale wale. Alifariki kabla bendera haijapandishwa, kitandani, homa ya kawaida tu. Mtu kama huyo ungetegemea afe kwa jambo kubwa, lakini ndivyo.

Sasa la Apa Hamida mwenyewe. Alinieleza Alhamisi moja Rashid alipotoka kwenda kuhamisha gari.

Baba yake alipokuwa gerezani mara ya pili, familia moja ya Durban ilituma posa. Ami yake, yaani baba yake mdogo, akakubali. Baba akaandika kutoka gerezani: mngoje nitoke. Apa hakungoja. Alikuwa na miaka kumi na tisa. "Nilichoka, Rajabu. Polisi wanaingia wanapekua mpaka magunia ya mchele. Nilitaka nyumba isiyogongwa mlango alfajiri." Akapanda meli. Aliandika barua, hakujibiwa. Akaandika tena alipomzaa Rashid, kimya. Kisha ikaja habari ya msiba.

"Miaka yote hii najiuliza kitu kimoja tu," akasema. "Alikufa ana hasira na mimi? Siwezi kuwauliza jamaa, wataniambia la kunifurahisha. Siwezi kumpa maulana wetu asome, kesho kutwa mtaa mzima utajua. Wewe ni mtu wa karatasi. Ukikuta jina langu humo, niambie mimi, usimwambie Rashid."

Ningekuwa na akili ningesema, Apa, mimi Kiurdu sikijui. Natambua herufi tu. Nilisema, "Usijali, Apa."

Nililikuta. Kifuniko cha sanduku kilikuwa na bitana ya kitambaa, na nilipoifungua ikadondoka barua imechanika vipande vinne, kingo zimeliwa. Ilikuwa ya Wakil Sahib kwa ndugu yake, ami huyo huyo, na haikumalizika wala kutumwa. Mwandiko wa mgonjwa, nukta nyingi hazipo. Nikaisogeza kwenye taa. Nikaona Hamida. Nikaona maut, mauti. Na katikati yake herufi nne safi kabisa, hata nukta zake zipo: hasrat.

Hasrat. Nani asiyejua hasira? Jamaa yangu mwingine wa harusini amenipungia mkono.

Alhamisi akaja, akakaa kwenye kiti kile cha karibu na dirisha, bega lake linagusa bega langu. Nikamwambia nimekuta jina lake.

"Pamoja na neno gani?"

Sikuisoma. Hili ulisikie vizuri, Clarisse. Sikuitamka barua. Nilimpa maana, kwa Kiingereza, kama mtaalamu. Nilisema, "Pole, Apa. Anasema ana hasira na Hamida mpaka kufa."

Hakulia. Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu aliyoijua siku nyingi. "Nilijua," akasema. Akasema tena, "Nilijua. Hiyo barua usiitengeneze. Iache ilivyo." Rashid akarudi, wakaondoka. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata. Mimi nikachukua penseli nikaandika kwenye kijikaratasi: "Barua, Kiurdu, haijamalizika. Hasira kwa binti yake." Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hiyo.

Ilipita kama miezi miwili. Ijumaa moja niko msikitini, nimekaa nyuma karibu na viatu, imamu anahutubia habari za kiyama. Akataja siku ya hasra, neno la Kiarabu, kisha akalieleza kwa Kiingereza: siku ya majuto. Nilikuwa nasinzia kidogo. Usingizi ukaruka. Hasra. Majuto! Si ghadhabu? Neno nimelisoma tangu mtoto kwa sauti nzuri, na mwalimu akinisifu, wala sikupata kuuliza maana yake. Madrasa yetu ilitufundisha kusoma, kuelewa kuliachwa kwa watu wazima, na mimi nikawa mtu mzima bila kuelewa. Nikasali nisijue nimesali rakaa ngapi.

Jumatatu alikuwapo mwalimu mmoja wa Kiurdu aliyekuwa akija kusoma magazeti ya zamani. Nikamwekea vile vipande vinne mbele yake bila kusema neno. Akavisogeza, akavua miwani, akasoma kimya, kisha kwa sauti: "Hamida ki hasrat maut tak saath rahegi." Akarudisha miwani machoni.

"Nani huyu Hamida?"

"Ni binti yake. Inasemaje?"

"Inasema hamu ya kumwona Hamida atakuwa nayo mpaka kufa. Lakini hamu haitoshi. Hasrat ni hamu ya kitu ambacho umeshajua hutakipata, na inakuuma."

"Si hasira?"

"Hasira ni nini?" akaniuliza. Hakujua Kiswahili.

Nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi. Astaghfirullah. Bibi wa watu nimemfungia hukumu isiyo yake, nimemuua baba yake mara ya pili, na yuko hapo chini tu, dakika kumi.

Ningeshuka saa ile ile. Miguu ninayo, njia naijua, kuna robot moja tu ya kuvuka, yaani taa za barabarani. Sikushuka. Niliona aibu, Clarisse, aibu ya mtu aliyeitwa Maulana. Nikajiambia siwezi kwenda mikono mitupu na vipande vinne vilivyoliwa na mchwa, nitaonekana mpuuzi mara mbili. Nitaitengeneza kwanza. Nitaipeleka nzima, nimpe mkononi, halafu ndiyo niombe radhi. Apa mwenyewe alikuwa amesema isiguswe, lakini hilo nikalipuuza, na lile la aibu nikalitii.

Kazi ile sijapata kuifanya tena. Nilipika wanga mpya. Nikachukua karatasi ya Kijapani, ile nyembamba unayoweza kuiweka jichoni ukaona mwanga, nikaipaka rangi ya chai mpaka ikalingana na barua. Nilichana viraka kwa mkono, si kwa kisu, ili nyuzi zishikane. Tundu moja siku moja. Kisha mashine ya kubana, karatasi za kunyonya maji juu na chini, nazibadilisha asubuhi na mchana, maana ukiharakisha karatasi inajikunja na kazi yote inaharibika. Wiki tatu. Wenzangu walikuwa wakipita wanasimama kuangalia. Mmoja akasema, "Eish, Maulana, hii utadhani haikuchanika." Nilifurahi. Wallahi, nilifurahi.

Barua ilikuwa bado imebanwa Rashid alipopiga simu. Alitaka kujua karatasi za babu yake zitakuwa tayari lini. Na pia, akasema, mama amefariki Jumatano, wamemzika siku ile ile, samahani hatukuwaarifu watu wengi.

Jumatano. Jumatano nilikuwa nabadilisha karatasi za kunyonya maji.

Nilikwenda nyumbani kwao jioni hiyo, barua iko kwenye jalada chini ya kwapa. Rashid akanipa chai. Mtu mpole, amechoka. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Mama alikuwa akikuombea dua. Alisema watu wote maishani mwake walimdanganya kumfurahisha, isipokuwa yule Mswahili wa maktaba. Sijui ulimwambia nini, hakunieleza. Lakini alisema wewe hukumficha."

Kikombe nilikiweka chini. Nikamweleza yote. Neno lilivyokuwa, nilivyolisoma, nilivyokosea. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitaraji anifukuze.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Wiki tatu zilizopita."

Hakupandisha sauti. Aliangalia dirishani, upande wa juu ulipo mlima wetu na maktaba yenyewe, akawa kama anapima umbali. Mwisho akasema, "Nisomee."

Nikamwambia mimi Kiurdu sikijui. Akasema, "Na mimi sikijui. Soma." Nikaisoma barua yote kwa sauti, kuanzia bismillahi hadi pale ilipokatika, kama nilivyosoma madrasa, mtu asiyeelewa anamsomea mtu asiyeelewa. Kitu pekee alichokitambua Rashid ni jina la mama yake. Lilipofika akafumba macho. Nilipomaliza nikampa jalada, akanirudishia. "Kaa nayo huko," akasema. "Hapa hakuna wa kuisoma." Hatukuonana tena.

Sasa, Clarisse. Mwaka jana ulifungua jalada lile ukaja mezani kwangu ukaniambia, "Papa, hapa iko maandishi mbili, ile ya juu iko kosa, nifute?" Nami nikakufokea mbele ya watu, ukaondoka unalengwalengwa na machozi, na sikukueleza kitu. Nisamehe. La juu ni hasira, kwa mwandiko ule mzuri. La chini, kwamba ni hamu ya kumwona binti yake, nililiandika niliporudi kutoka kwa Rashid, na mwandiko wake unauona mwenyewe ulivyo. Usilifute hata moja. Anayekuja aone kwamba tulikosea, na nani alikosea. Ndiyo maana nimetia jina langu.

Wanga ule wa Uncle Siva sasa unaupika vizuri kuliko mimi. Mfupa wake wa kukunjia karatasi nimekuachia kwenye droo ya kushoto, usiuoshe kwa sabuni. Na itatokea siku mtu atakaa kwenye kiti kile cha dirishani akuulize karatasi yake inasema nini, na lugha huijui, ila maneno mawili matatu yatakuwa yanakupungia mkono. Usimwambie inasema nini. Itamke tu kama ilivyo, hata kama unaitafuna.

Mimi ningesema "hasrat" tu, basi, nikanyamaza. Macho ya Apa ndiyo yaliyokuwa yameondoka. Masikio alikuwa nayo, na lile lilikuwa neno la kwao, na sikio lake lilikuwa hapa, Clarisse, karibu na mdomo wangu.